Kamba ya Mama Mkwe Katika Shamba la Wimbi

Nilipoolewa karibu na Magwagwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, majirani wengi walikuwa wameacha wimbi wakapanda majani chai. Mama mkwe alibakiza kipande kimoja cha wimbi kwenye mteremko chini ya nyumba, kwa ajili ya ugali na uji wetu. Upande ule wa kilima hakukuwa na kingine, kwa hiyo kwera wote, wale ndege wa manjano wanaofuma viota, walikuwa wageni wetu.

Punje zilipoanza kujaa maziwa walikuja makundi kwa makundi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akafika na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Mama, tuloweke wimbi kidogo humu, tuwamwagie. Kesho hutaona hata mmoja."

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho.

"Na kuku wangu je? Rudisha dawa yako kwa ng'ombe. Hawa wana njaa tu. Kazi yangu ni kuwafanya wachoke kula hapa."

Alikusanya mikebe mikuukuu ya mafuta ya kupikia, akatia vijiwe ndani. Alisokota kamba za katani kwenye paja lake, akasimamisha miti shambani na kutundika mikebe. Kamba zote zilikutana kwenye moja ndefu iliyoingia jikoni. Akiwa anasonga ugali, akisikia kelele za kwera, anaivuta kwa mkono wa kushoto. Shamba zima linalia, ndege wanaruka.

Mimi niliyesoma hadi darasa la saba nilidhani watazoea. Walizoea kweli, baada ya siku tatu. Lakini yeye alishaliona hilo kabla yangu.

"Wamejua mikebe iko wapi," aliniambia asubuhi. "Tuihamishe."

Tukawa tunaihamisha kila baada ya siku mbili, na kuongeza vipande vya karatasi ya kung'aa iliyotoka ndani ya sanduku kuukuu la chai. Sijawahi kuona mtu akimchunguza adui yake kwa upole namna ile.

Kisha malaria ikamlaza. Aliomba kamba ipitishwe dirishani hadi kitandani kwake.

"Niachie mimi, Mama. Wewe pumzika."

"Wewe una chai ya kuchuma. Mimi nimelala, mkono wangu hauna kazi."

Nikaenda kwenye chai. Kila mara nilisikia mikebe ikilia, na moyo wangu ukatulia. Mchana ikanyamaza. Nikangoja, ikazidi kunyamaza. Nilitua kikapu nikakimbia hadi nyumbani, nikiwaza mabaya tu.

Alikuwa amelala usingizi, jasho limemtoka, homa imeshuka, na kamba ameizungusha kwenye kifundo cha mkono. Niliifungua polepole asiamke. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikaivuta mpaka jua lilipotua. Chai ya siku ile haikuchumwa, na hakuna aliyeniuliza.

Tulivuna baada ya wiki chache, yeye akiwa na nguvu zake, akikata masuke kwa kisu kidogo kwa kasi niliyoshindwa kuifuata. Ndege walikuwa wamemaliza pembe ya chini, karibu na kijito. Aliitazama, akasema mwakani tutafute mikebe zaidi.