Gauni la Jumapili Msituni

Msitu wa nyuma ya maghorofa ya Bredäng, pembeni mwa jiji la Stockholm, ulinukia mvua hata siku zisizo na mvua, harufu ya magome ya misonobari na udongo mweusi usiokauka, na hadi leo nikiivuta nahisi usingizi mtamu unaninyemelea. Miaka ya sabini ilikuwa inaanza, nami nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa amekuja Stockholm kusomea ufundi, akatuleta mimi na mama. Kila Jumatano mwalimu alitutoa darasani, tukajifunza hesabu kwa mbegu za misonobari na kuangalia wadudu kwa vioo vya kukuzia.

Mama aliposikia shule inakwenda matembezi, alinivalisha gauni jeupe la Jumapili alilolishona mwenyewe, na viatu akavipiga rangi vikang'aa. Kwetu, mtoto akitoka na shule hutoka amependeza. Kumbe wenzangu wamevaa buti za mpira. Walipopiga magoti kutazama wadudu, mimi nilisimama kando nimeshika pindo la gauni, machozi yakinilenga. Mara nikaona mdudu anametameta chini, nikajisahau, nikapiga magoti nami.

Nilirudi na tope na madoa ya matunda ya porini. Mama alimgeukia baba.

"Tumemleta huku asome, si agaagae porini. Jumatano atabaki nyumbani."

"Mama Rehema, nenda kwanza ukajionee," baba akasema.

Wiki ile nilihesabu siku za kuelekea Jumatano. Darasani Kiswidi changu cha kubabaisha kilinitia aibu, lakini msituni hakuna mdudu aliyeniuliza natoka wapi.

Jumatano mama alikuja, kanga juu ya koti, amekunja uso. Hakujua Kiswidi, basi mwalimu alimpa kioo tu, akamwonyesha chini. Mama akainama kwa adabu, akazidi kuinama, mwisho magoti yakazama topeni. Ukungu ulikuwa unapita taratibu kati ya miti, na watoto walishakaa kula mikate yao.

"Mama, twende."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Huyu sisimizi kabeba mzigo kumshinda mwenyewe."

Jioni alikata suruali kuukuu ya baba, akanishonea ya kwendea msituni.

Siku hizi wajukuu wangu huenda msitu uleule na ovaroli za mvua. Hurudi wametapakaa tope, wakimpigia mama yao kelele kwa Kiswidi, naye hata hageuki kutoka jikoni. Ni vizuri, ndivyo tulivyotaka. Ila nawaonea huruma kidogo, maana hawajawahi kumwona mama yao amepiga magoti topeni kwa ajili yao.