Kishikwambi Kimoja cha Darasa la Sita

Mwalimu wa sayansi huku Kihanga hufuta ubao kwa kiganja, ingawa dasta ipo mezani. Sauti yake haipandi hata darasa likichachamaa. Kishikwambi, ambacho ni kimoja kwa wanafunzi wote, hukibeba kwapani ndani ya mfuko wa nailoni. Safari hii alipanga kila mwanafunzi apige picha za migomba ya kwao inayonyauka, kisha darasa litafute chanzo. Asiimwe, binti wa wafugaji, alisikiliza mpaka mwisho akijua hana cha kuleta.

"Mwalimu, kwetu hakuna mgomba hata mmoja," alisema. "Akapige picha mkia wa ng'ombe!" Yustus akadakia, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifuta mpango wake wote ubaoni, akauliza, "Ng'ombe wenu wanasumbuliwa na nini?" "Kupe, Mwalimu." Akaandika upya, taratibu: Kinachotuharibia riziki nyumbani. "Migomba, kahawa, mifugo, kila mtu na cha kwao," akasema, akamkabidhi Asiimwe kishikwambi. "Unaanza wewe. Yustus atakusaidia." Yustus akamgeukia Asiimwe, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ng'ombe wao wanapiga teke. "Wanapiga," akajibu Asiimwe.