Mama mkwe amemnyamazisha DJ wa sinema

...ndiyo maana nasema nimeolewa pazuri!

Leo mume wangu, mpenzi wangu jamani, ametupeleka mimi na mamake kibanda cha video hapa Lindi. Sinema ya Kihindi, msichana achague ndoa au chuo.

Msichana akarudisha pete.

DJ anayetutafsiria akatangaza: "Amekubali kuolewa!"

Mama akasimama. "Wewe DJ! Pete si amerudisha? Mbona unamwoza wewe?"

Kibanda kizima kicheko.

Mimi nimeitwa chuo cha uuguzi na nilikuwa naogopa kumwambia, kwa sababu anangoja mjukuu. Nikamnong'oneza hapo hapo.

"Enda, msichana wangu. Mjukuu atangoja."

Nililia, nikalia tena!

Nani mwingine ana mama mkwe kama wangu?

Na wewe mama yangu mzazi, kabla mwezi uishe nakuja kwako huko Gatina, Kenya, nimevaa sare ya uuguzi.