Banda la Kuku la Bi Huguette

Anselme Lepoittevin, dereva mstaafu wa gari la maziwa, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifufua gari la jeshi la Wamarekani, lile lenye magurudumu mbele na minyororo ya chuma nyuma kama ya kifaru. Kila Juni, magari ya aina hiyo huandamana kutoka kijijini kwao hadi ufukweni, kukumbuka siku majeshi yao yalipotua hapo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yaliyo halisi hutangulia, ya kuigiza hufuata mkiani. Anselme alikuwa ameapa kutangulia, tena bila kipande hata kimoja cha bandia. Waliojiundia magari aliwacheka bila huruma, hasa Thierry, fundi bomba, ambaye la kwake lilitokana na lori la kubebea ng'ombe.

Kilichokosekana ni sanduku la chuma la nyuma, walimokuwa wakikaa askari. Na lilikuwepo, kilomita mbili tu kutoka kwake, kwenye shamba la matufaha la Bi Huguette, mjane wa miaka themanini na tatu. Tangu enzi za baba mkwe wake lilikuwa banda la kuku.

Mara tatu Anselme alimwendea na chupa ya pombe ya matufaha. Mama alipokea chupa, akakataa ombi. Mara ya nne alikwenda na hoja: angemtengenezea jingine, kipimo kwa kipimo, na mabonyeo yake na matundu yake ya risasi. Majira yote ya baridi alikata, akachomelea na kugongagonga. Mwezi Mei wakabadilishana.

Kuku walilitazama banda jipya mara moja tu, wakagoma. Walihamia juu ya mitufaha, na kwa siku tisa hawakutaga hata yai moja. Siku ya kumi Bi Huguette alikuja na kikapu kitupu, akakitua juu ya boneti ya gari.

"Kijana wangu," alimwambia mtu wa miaka sitini na sita, "nirudishie chuma changu. Chako kizuri, ila wenye nyumba wamekikataa."

"Mama, maandamano ni Jumamosi."

"Kuku hawana Jumamosi."

Anselme angeweza kusema makubaliano ni makubaliano. Akakiangalia kile kikapu, akashindwa. Alimrudishia lake, akafunga la bandia kwenye gari, akalipaka rangi, asimwambie mtu. Roho ilimuuma kama mtu aliyejiibia mwenyewe.

Jumamosi wakaguzi wa maandamano walipita na tochi na vitabu vyao, wakihesabu nati. Mkuu wao aligonga ubavu wa sanduku, akapapasa matundu ya risasi, akatangaza kwamba kwa miaka ishirini hajaona la halisi lililotunzwa vile. Akatoa stika ya mstari wa mbele.

Anselme alijawa na furaha, kisha aibu, kisha furaha tena.

"Usibandike," alisema. "Hilo nimelitengeneza mimi. La kweli, kuku wanalala ndani yake."

Watu walicheka hadi wakaegemea magari. Mkaguzi hakucheka. Alifungua tena kitabu chake, akaligonga sanduku mara nyingine, kisha akamwelekeza mkiani.

Huko Thierry alikuwa amekaa ndani ya lori lake akila soseji. Alilisogeza ili mwenzake apate nafasi, akashuka, akalizunguka sanduku la Anselme mara mbili.

"Haya matundu umeyapigaje? Mimi nilitumia drili, yakatoka kama ya chujio."

"Nyundo na msumari wa reli. Unalipasha bati moto kwanza."

"Utanionyesha?"

Kwa miaka kumi na moja watu walikuwa wakimuuliza Anselme vipande vyake alivipata wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu alikitengeneza vipi. Alichukua nusu ya soseji ya Thierry bila kuomba, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili, hata ikabidi polisi wa barabarani aje kuwaambia kwamba maandamano yameshaondoka.