Sahani Zilizofungwa Kitambaa

Hospitali ya mtaani kwetu, hapa Kolwezi, haimpikii mgonjwa. Aliyelazwa hula alicholetewa na watu wake, na asiye na watu hubaki na harufu ya chakula cha jirani. Vijana wengi wanaochimba kobalti wametoka mbali. Mguu ukivunjika shimoni, mama yuko Kasai.

Ernestine, ambaye ua wake unapakana na wetu, alianza kuwapelekea chakula baada ya kumuuguza mumewe katika wodi hizo hizo. Yeye na Honorine, wa kwaya moja naye, husonga bukari, ule ugali wetu, na kupika sombe, majani ya muhogo. Kila sahani hufungwa kitambaa, fundo juu, na anayeileta huingia akisema kwa sauti, "Mwanangu, mama yako nimefika." Wodi nzima humwona jamaa. Hakuna anayejua ni kitanda kipi hakina wenyewe.

Unga ulitoka kwa wafanyabiashara wa sokoni na kwa watu wa Kolwezi walioko Ubelgiji. Mwaka huu wa sokoni wamechoka kuombwa. Wa Ubelgiji huchanga kwa simu wakiona picha ya mtu analia, kisha kimya mpaka picha nyingine. Gunia la mwisho lilikuwa limelegea kabisa alipokuja Abigaëlle, binti wa shirika la misaada linalofadhiliwa na mgodi mmoja. Aliahidi unga wa mwaka mzima, na akataka picha ya mgonjwa akipokea sahani mbele ya bango la shirika.

"Foto ni kitu gani?" Honorine alisema. "Mi nitavaa fulana yao, nitacheka mpaka meno ya nyuma yaonekane. Unga uingie!"

"Weye hawakutaki, mama," Ernestine alimwambia. "Banataka mugonjwa."

Wagonjwa waliokuwa bila watu siku hizo walikuwa wachache, na aliyeweza kukaa wima ni Kazadi, kijana wa shimoni, mguu wake ukiwa ndani ya plasta. Kwao Mbuji-Mayi walijua anauza simu dukani. Ernestine alipomuuliza kuhusu picha, aliacha kutafuna.

"Mama, foto ya leo, kesho iko mu telefone ya kila mutu. Mama yangu ataiona. Na bote humu banajua weye ni mama yangu mukubwa."

"Basi haiko foto."

"Na unga?"

Ernestine alikusanya sahani akaondoka.

Kesho yake alimwambia Abigaëlle kwamba sura za watu hazipigwi. Abigaëlle alishusha kamera.

"Mama, bakubwa yangu hawataamini. Kuko bikundi bilikula unga wa bagonjwa. Bila sura ya mutu, batasema na sisi tulikula."

Ni kweli, yalikuwa yametokea, na Ernestine hakumlaumu. Alimwekea sahani iliyofungwa mikononi.

"Beba. Kitanda cha dirishani. Weye ni dada yake."

"Na utoe ile fulana," Honorine akaongeza. "Dada gani anavaa bango?"

Abigaëlle aliingia wodini bila fulana ile. "Kaka, dada yako nimefika."

Kazadi alimtazama kidogo, kisha akanuna. "Unachelewa kila siku! Na ndakala iko wapi? Sombe bila samaki?"

Wodi ikacheka. Tata mmoja, mzee wa kitanda cha pili, akasema, "Munafanana. Macho ni yale yale." Abigaëlle akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kaka yake akamaliza kula.

Alipotoka alizipanga sahani zilizobaki kwenye benchi, mafundo juu, akazipiga picha hivyo hivyo. Kwa wakubwa wake aliandika kwamba mwenye shaka aje abebe moja. Mmoja alikuja kweli, mwanamume wa viatu vizuri, Ernestine akamfanya mjomba wa mtu. Hakuuliza tena habari ya bango.

Unga walioupata ni wa miezi sita, si wa mwaka kama ilivyoahidiwa, na kila mwezi mtu wa shirika atabeba sahani mwenyewe. Honorine bado analalamika kwamba hakupigwa picha.

Gunia la kwanza lilipofika, Abigaëlle alipitia sokoni kabla ya kuja. Siku hiyo sahani ya kitanda cha dirishani ilikuwa na ndakala.