Korongo wa Bruchi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Langley Park, baada ya Tanga, Nairobi na Durban, nikisafisha vito katika karakana ya sonara Mkongo. Yeye kazi aliisomea Brussels. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na mikono mitulivu.

Bibi mmoja Mmarekani, wa mji jirani wa Columbia, alileta bruchi iliyovunjika pini, urithi wa nyanya yake: korongo mdogo mweusi ndani ya fremu ya dhahabu. Mjukuu wake alikuwa aolewe Jumamosi, naye alitaka kumbandika bruchi hiyo kifuani.

Sonara alitengeneza pini, akatoka kula. Mimi nikautazama ule weusi. Kwa shangazi yangu, sinia ya shaba ya kuazima hairudishwi kwa mwenyewe kabla ya kusuguliwa kwa jivu na ndimu. Nikaiweka bruchi kwenye mashine ya kung'arishia. Dakika mbili tu, korongo akatoka mwekundu kama senti mpya.

"Mon Dieu! Ulifanya nini?" sonara aliuliza aliporudi.

"Nimeisafisha, fundi. Ilikuwa chafu."

"Haikukuwa buchafu! Ile rangi ndiyo kazi yenyewe. Nyinyi Watanzania munataka kila kitu king'ae kama sufuria ya harusi!"

Alipopoa alinieleza. Korongo alikuwa pambo la mpini wa upanga wa Kijapani. Mafundi wa huko walichanganya shaba na dhahabu kidogo, wakaitia katika dawa ya moto mpaka ikawa nyeusi yenye zambarau kwa mbali. Watu walipokatazwa kutembea na panga, mapambo mengi yaliuzwa Ulaya. Masonara wa Paris wakayafunga kwenye dhahabu, halafu wakaanza kuiga, wakichanganya madini ya rangi mbalimbali katika kito kimoja.

Alijaribu dawa alizokuwa nazo. Hadi Ijumaa korongo alikuwa wa kijivu, basi.

"Utamwambia wewe," akasema.

Bibi alipokuja nilimwambia. Aliipeleka bruchi dirishani, akaigeuzageuza, akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya sinia.

"Nyanya yangu angekutoa mbio," akasema.

Akaifunga kwenye leso. Mlangoni akasimama.

"Mjukuu wangu hajawahi kuiona. Kwake itakuwa ya kijivu tangu zamani. Wewe nyamaza tu."

Jumamosi ilipita, hakuirudisha. Mwaka uliofuata nikahama.