Kivuli cha Saa Tisa

Mtaani walimwita Turubai, naye hakulalamika, kwa kuwa turubai ndizo zilizomlisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nyuma ya cherehani moja nzito, akishona vifuniko vya vibanda, mapaa ya mikahawa na mahema ya shughuli za watu. Mji wenyewe ulikuwa na joto la kumkaanga mtu bila mafuta, na nusu ya waliopumua vizuri kwenye barabara kuu walipumua chini ya kazi ya mikono yake. Alilijua hilo, na lilimvimbisha kichwa kidogo.

Matembezi ya Jumapili na watoto yalikuwa idara ya mkewe. Mkewe ndiye aliyeamua watoke saa ngapi, nani avae kofia ipi, na chupa ngapi za maji zigandishwe tangu jana yake. Turubai alibeba mkeka. Wakifika bustanini waliketi chini ya mti, wakala, kisha mkewe angesema, “Tuhamieni kule, hapa kuna siafu.” Walihama. Turubai hakuwahi kuona siafu hata mmoja, ila hakuwa mtu wa kubishana akiwa ameshiba. Kivuli kilikuwapo walikotoka na kilikuwapo walikokwenda. Mtu anayeuza kivuli kwa mita hakuona sababu ya kukishangaa cha bure.

Kisha mkewe akaugua wiki tatu, akafa, bila kuacha maelekezo.

Miezi miwili baadaye mdogo wa marehemu, ambaye watoto walimwita mama mdogo, alikuja akaketi sebuleni bila kushusha mkoba begani.

“Shemeji, sikuja kukusema. Lakini huyu kitindamimba ana miaka minne, na juzi nimemkuta amevaa sweta.”

“Alilitaka mwenyewe.”

“Angetaka kisu je?”

Mama mdogo akaeleza kwamba ameshawasafishia chumba kwake, yule mdogo na dada yake wa miaka tisa. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Wakakubaliana kwamba Jumapili watoke wote kama zamani, aone mwenyewe. Yakienda vizuri, atanyamaza. Yasipokwenda, ataondoka nao.

Jumapili hiyo Turubai alijiandaa kama mtu anayekwenda kufanyiwa usaili wa kazi aliyo nayo tayari. Aligandisha chupa sita. Alihesabu kofia mara mbili. Hakusahau kitu, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Saa tano walikuwa wametandika chini ya mti uleule, kando ya ukuta, na kivuli kilikuwa kimejaa tele. Watoto wakala, wakacheka. Mama mdogo hata alivua viatu.

Kufikia saa tisa kivuli kilikuwa kimevuka ukuta, kikajilaza juu ya magari matatu kwenye ua wa ofisi ya jirani. Turubai alikunja mkeka, akazunguka nao bustani nzima. Kila mti aliouona ulikuwa na familia yake, imejibanza kama abiria waliolipia viti.

“Na wewe ni fundi turubai,” alisema mama mdogo.

“Bustani hairuhusu kutundika kitu.”

“Najua. Nasema tu.”

Mtoto mdogo ndiye aliyenyamaza kwanza. Kisha akatapika, ngozi yake ikiwaka, macho yakitazama kitu ambacho hakikuwapo. Mama mdogo alimnyakua, akakimbia naye hadi kwenye bomba, akammwagia maji mpaka akalia. Walipomsikia akilia, wote wawili walikaa chini kwenye tope.

Hakuna aliyemlaumu Turubai. Jioni ileile nguo za watoto zilikunjwa, zikaingia kwenye mabegi mawili.

Jumamosi iliyofuata alirudi bustanini kutafuta kofia ya mtoto iliyosahaulika. Mfagiaji, mwanamke wa makamo, alikuwa ameitundika kwenye mpini wa toroli lake.

“Niliijua ya nani,” alisema. “Mama watoto mwenyewe yuko wapi? Jumamosi nyingi simwoni.”

“Jumamosi?”

“Si ndiyo siku yake? Anakuja peke yake, anakaa chini ya mti huu, anahamia ule, mpaka jioni. Kivuli kinapofika anachomeka kijiti. Nilimwambia, dada, wewe una wazimu. Akasema jua halirudii njia, kila mwezi lazima aje aangalie upya.”

Turubai alimweleza. Mwanamke aliacha kufagia.

Jumamosi mkewe alikuwa akichelewa sokoni. Ndivyo alivyosema, na Turubai aliwahi kumnunia siku mbili kwa sababu ya soko hilo.

Tangu hapo akawa anafunika cherehani Jumamosi asubuhi. Alikaa chini ya kila mti, akachomeka vijiti, akagundua kwamba mti mbaya kuliko yote, ule wa nyuma ya tangi la maji ambao hakuna aliyeutaka, ndio uliokuwa na kivuli cha saa tisa.

Mama mdogo alipowaleta watoto kumtembelea, walikwenda bustanini, na Turubai alisubiri wamalize kula, kisha akasimama.

“Tuhamieni kule. Hapa kuna siafu.”

Binti mkubwa alimtazama. Kisha akainama, akashika pembe ya mkeka.

“Wapo wengi, baba,” alisema.

Walikaa nyuma ya tangi mpaka jioni, na jua halikuwagusa. Mtoto mdogo alilala. Mama mdogo alimpapasa shavu, akakuta ni la baridi.

“Leo umeweza, shemeji.”

“Basi labda…”

“Shule wameshaanza kule kwangu,” alisema taratibu. “Na huyu ameacha kuuliza atarudi lini nyumbani. Usinifanye nianze naye upya.”

Alimbeba mtoto begani, akamshika mkubwa mkono, wakaelekea getini. Turubai alibaki. Mkeka ulikuwa bado haujakunjwa, na vilikuwapo vijiti kumi na moja vya kung’oa. Mfagiaji hakupenda kuvikuta asubuhi.